Mkono Uliolipiwa Mahari

Msinione nimekaa kimya siku hizi mkadhani nimepata adabu ukubwani. Nimekaa kimya kwa sababu naona haya. Mimi Priska, Mama Agatha, ambaye mtaa mzima hapa Newala ulikuwa unanijua kwa mdomo. Nikienda kununua maji, kabla ndoo haijajaa kila aliyepo foleni ameshasikia kwamba kaka yangu ni profesa. Profesa wa sheria na falsafa, vyote viwili kwa mtu mmoja! Falsafa yenyewe nilikuwa sijui ni kitu gani. Nilijua tu kwamba ukiitaja, watu hunyamaza wakakuangalia mara mbili.

Basi nitawaeleza habari zake mwenyewe, maana mnazipata nusunusu, na hiyo nusu nyingine mnaijazia wenyewe, na mnaijazia vibaya.

Kaka Cecil alizaliwa Lulindi, kule misheni, nyumba yetu ikiwa karibu kabisa na kanisa. Baba alikuwa katekista na mkulima wa korosho, na kazi zote mbili alizifanya kwa kulalamika. Cecil alikuwa mtoto wa maswali. Sisi tunatumwa shambani kufukuza nyani, yeye anabaki nyuma anambishia baba kwamba huyo nyani naye hajui kama shamba ni letu, sasa kosa lake nini? Baba alikuwa anacheka mpaka anasahau kumchapa. Padri mmoja akasema huyu mtoto asipopelekwa shule atawatia wazimu hapa nyumbani, mpelekeni. Akapelekwa. Alifaulu kila mtihani waliomwekea mbele, akafika chuo kikuu Dar es Salaam, akasoma hiyo falsafa. Alipomaliza akaona falsafa haimpi mtu hata sabuni, akaongeza sheria. Ndipo wakampeleka Ulaya kuutafuta udaktari wa vitabu.

Nitasema ukweli, tulimpenda na tulimwogopa kidogo. Alipokuja likizo, mama alimtolea kile kikombe chenye maua, na sisi wengine tukanywea vya bati. Hakuna aliyenung'unika. Tulikuwa tumempata mtu wetu.

Huko Ulaya wakamwambia arudi nyumbani afanye utafiti. Akachagua mikorosho: mtu akifa, mikorosho yake inakuwa ya nani? Akaja na kinasa sauti kikubwa cha kuning'iniza begani, akazunguka nacho Lulindi, Lupaso, mpaka huku juu Newala, akiuliza wazee. Na wazee kila alikopita walimjibu kitu kilekile. Aliyepanda mkorosho ndiye mwenye mkorosho, awe mume awe mke, na ardhi ni ya nani hilo ni shauri lingine. Basi. Mtu ukipewa jibu hilohilo kila kijiji, utakwenda kuandika kitabu gani? Hata mimi, msichana wakati ule, nilimwonea huruma. Nilisema mwenzetu huyu kapoteza nauli.

Katikati ya mahangaiko hayo, mjomba wetu akafariki. Tukajaa wote pale Lulindi kwenye matanga, na watani wakaja.

Nyie wa mjini labda mmesahau, kwa hiyo niseme. Kwetu ukifiwa, watani wako ndio wanaoushika msiba. Wanachimba kaburi, wanapika, wanateka maji, na wana ruhusa ya kusema lolote lile. Mtani akikutukana msibani, hukasiriki. Ukikasirika ndiyo umejitia aibu. Ukoo wetu ulikuwa na mtani mmoja anaitwa Mzee Dadi. Jamani, yule mzee! Siku ya kuanua matanga alivaa koti la marehemu, akashika fimbo ya marehemu, akakikokota kiti cha marehemu akakaa nacho mlangoni, akajifanya hakimu.

"Nyamazeni! Natoa hukumu!" akasema. "Mikorosho yote ni ya ukoo. Wewe mjane, kusanya kanga zako uondoke!"

Mke wa mjomba machozi hayajakauka usoni, akamjibu, "Na ile niliyoipanda mimi mwenyewe?"

"Uliipanda kwa mkono upi? Huo? Hebu uinue watu wauone. Huo mkono ulilipiwa mahari! Mkono wetu, mti wetu!"

Weee! Watu tulicheka, wengine tukalala chini. Mahari! Kwetu sisi tangu zamani mwanamume ndiye anayehamia kwa wakwe zake, akawalimie, akachunguzwe kama ni mvivu. Mahari ni kitu kidogo cha heshima, hakinunui hata ukucha. Ndiyo maana ilichekesha. Mke wa mjomba akachota maji kwa kata akammwagia Mzee Dadi koti zima, mzee akakimbia nalo linachuruzika, na msiba ukaisha hivyo, watu wana njaa na mbavu zinauma. Mikorosho ya yule mama ilibaki yake mpaka alipokufa, hakuna aliyeigusa hata jani.

Kinasa sauti cha kaka yangu kilikuwa kinazunguka muda wote huo.

Baada ya hapo tulisikia mazuri tu. Cecil amepata udaktari. Cecil ameandika kitabu, na kitabu kinasomwa mpaka nchi ambazo hatuwezi kuzitamka. Cecil anafundisha. Cecil amepanda, Cecil amepanda tena, Cecil sasa ni profesa na ana ofisi yenye mtu wa kumfungulia mlango. Alituma picha amevaa joho jekundu na kofia ya pembe nne, mama akaitundika juu ya mlango, wageni wakawa wanaisalimia. Kitabu chenyewe kilikuja pia. Kiko kwa Kiingereza, sisi tulikipangusa vumbi tu. Yeye nyumbani alikuwa haji sana. Alikuja kumzika mama, kesho yake akaondoka, ana mkutano. Tukamsamehe. Mtu mkubwa ana mambo yake.

Mwaka juzi akastaafu. Akasema anarudi kujenga Lulindi, na wakati nyumba inaezekwa akaja kukaa kwangu hapa Newala. Nilijiona nimeoteshwa mabawa. Nilimpa chumba cha Agatha. Kila asubuhi anakaa kibarazani na miwani yake, watu wakipita njiani, "Shikamoo Profesa," naye, "Marahaba, hamjambo." Mimi nipo ndani natwanga, natabasamu peke yangu.

Sasa hapo jirani yangu ni Hamida, Mama Anifa. Mumewe, Sharifu, alifariki baada ya msimu wa korosho. Walikuwa na shamba kule ukingoni, unapoanza kushuka kuelekea Ruvuma. Upande wa juu alipanda mume, upande wa chini akapanda Hamida, na hilo nalisema kwa sababu nilimwona. Nilimwona anabeba miche kichwani na mtoto mgongoni. Nilimwona miaka yote anapulizia mikorosho dawa ya salfa, akirudi jioni uso wote wa njano, tunamcheka. Basi arobaini ikapita, akatokea Ashiru, mpwa wa marehemu, anasema mikorosho yote ni ya ukoo wa mjomba wake, ya juu na ya chini. Ya juu Hamida hakubishana naye sana. Ya chini akasema hapana, hii nimepanda mimi. Ashiru akaweka wakili, shauri likaenda baraza la ardhi.

Hamida alikuja kwangu analia. Ile mikorosho ya chini ndiyo inayomlisha, hana kingine. Nikamkamata mabega. Nikamwambia, "Mama Anifa, wewe unalia nini? Sheria yenyewe inalala chumbani kwangu. Kaka atakwenda kusema, na huyo Ashiru atatafuta pa kujificha." Nilisema kwa sauti, ili na wapita njia wasikie.

Siku ya kwanza ya shauri kaka alikuwa Lulindi kwa mafundi, Hamida akaenda peke yake. Aliporudi hakupita hata kwake, alikuja moja kwa moja uani kwangu akakaa chini.

"Mama Agatha, wamesema mkono wangu umelipiwa mahari."

Mimi nikacheka! Sikuweza kujizuia. Nikasema, "Hee! Hayo si maneno ya Mzee Dadi? Nani kayafukua?"

"Wakili kayasoma," akasema. "Kijana mmoja anaitwa Silvesta, ana suti nzuri. Kasema kwa mila za watu wa huku, kazi ya mke imeshalipiwa kwenye mahari, kwa hiyo chochote anachopanda ni cha ukoo wa mume, hata mumewe akiwa ndiye aliyekufa. Kasema hatubishanii habari ya mwanamke kurithi au kutorithi. Kasema hii mikorosho haijawahi kuwa yangu hata siku moja."

"Kayasoma wapi?"

Hamida alivuta pindo la kanga yake. Yeye ni mtu wa adabu sana, alikuwa anatafuta namna ya kulisema. "Kwenye kitabu," akasema. "Cha kaka yako."

Nilisikia uso unanishuka. Nilisimama nikajitia naangalia maharage jikoni, na hakukuwa na maharage. Sikumbuki nilimwambia nini yule mama.

Cecil aliporudi kutoka Lulindi sikumpa hata maji ya kunawa. Nilimwambia, "Kaka, mimi sijui Kiingereza, naomba unitafsirie kitabu chako. Ule mkono uliolipiwa mahari, uliouandika humo, ni mkono wa nani?"

Alivua miwani. Akaifuta. Akaivaa. Mtu akiwa na la kujibu hafuti miwani hivyo.

"Priska, ile ni nadharia," akasema. "Inaeleza jinsi kazi inavyogeuka kuwa haki ya..."

"Ile ni kichekesho cha Mzee Dadi! Nilikuwepo! Nilicheka mpaka nikajikojolea kidogo, na wewe ulikuwepo umeshika mashine yako!"

Nikamwacha. Nikachukua ungo nikaanza kupepeta mpunga ambao ulishapepetwa. Ndipo akaanza kusema mwenyewe, polepole, anaangalia chini. Alisema muda wake wa masomo ulikuwa unakwisha na hana kitu, wazee wote wamempa jibu moja, na mwalimu wake Mzungu amemwambia hili mbona halina jipya. Akamsikilizisha ule ukanda wa msibani na kumtafsiria. Mzungu akaruka kwenye kiti. Akasema hapa! Hapa kuna falsafa nzima! Kisha akauliza, mbona nyuma wanasikika watu wanacheka?

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia ndivyo tunavyoomboleza."

Mungu wangu. Nilimwangalia yule mtu mzima, mvi kichwani, mwalimu wa mahakimu, nikamwona anafanana na baba yetu alipokuwa anatafuta sababu ya kutokwenda shamba. Niliona haya kwa niaba yake, nikaona haya kwa niaba yangu, na kwa kile kikombe cha maua pia.

"Ulijua ni utani," nikasema.

"Nilijua. Nilidhani huku hakitafika. Ni kitabu cha Wazungu, nani atakisoma Newala? Kisha nikapata kazi kwa sababu ya kitabu hichohicho. Kila mara nilipotaka kusahihisha, nakuta nimeshapandishwa cheo. Nikishakuwa mkubwa kiasi hicho, nitaanzia wapi kusema kwamba yule mzee alikuwa anachekesha? Basi, nitaandika makala ya kurekebisha. Kuna jarida moja wataipokea."

"Makala! Mama Anifa atakwenda kuchuma makala msimu ukifika? Kaka, utakwenda kwenye baraza na utasema kama ulivyoniambia mimi hapa. Mimi nimeshamwahidi yule mama mbele ya watu."

"Silvesta nilimfundisha mimi," akasema. Sauti ilikuwa ndogo mno. "Alikuwa bora kuliko wote darasani. Unataka nikaseme mbele yake?"

Hapo nilielewa kinachomuuma. Hakuwa anaogopa baraza. Alikuwa anaogopa yule kijana. Na kwa siku zote zilizobaki kabla ya shauri tulikaa nyumba moja tunakwepana, yeye hakai tena kibarazani, na watu wakauliza, Profesa anaumwa? Nikasema ndiyo, tumbo.

Asubuhi ya shauri sikujua kama atatoka chumbani. Hamida alikuwa amekuja mapema, kajitanda mtandio mweusi, kakaa ukingoni mwa kiti. Kaka alitoka. Amevaa koti, hakuvaa tai. Akamsalimia Hamida bila kumtazama usoni. Tukaenda.

Chumba cha baraza ni kidogo, na siku ile kilijaa. Mwenyekiti mama mmoja mtulivu, pembeni yake washauri wawili wazee, wa hukuhuku. Silvesta alipomwona kaka alisimama kabisa, furaha imemjaa usoni. "Shikamoo, mwalimu!" Akawageukia watu akasema ni heshima kubwa, mwandishi mwenyewe wa kitabu tunaye hapa leo. Masikini, alidhani amekuja kumsikiliza yeye. Alipoelezwa kwamba ni shahidi wa Hamida, alibaki na kalamu hewani.

Kaka akaapa kwa Biblia. Mwenyekiti akamuuliza kama maneno yaliyosomwa siku ile ni yake. Akasema ni yake. Je, anayasimamia? Na hapo, jamani, akaanza! Akasema utafiti ni kitu kinachokua. Akasema maoni ya msomi hubadilika kadiri muktadha unavyobadilika. Akasema data ya awali ilikuwa na mipaka ya kimbinu. Nilikuwa nimekaa benchi la nyuma, nikatamani sakafu ipasuke. Washauri walikuwa wanamwangalia kwa heshima tupu, hawajaambulia kitu. Silvesta alikuwa anaandika haraka, kichwa kinakubali. Hamida alinigeukia. Aliniangalia tu, na mimi nikainamisha macho kwa sababu mimi ndiye niliyemleta pale.

Mwenyekiti akaweka kalamu chini. "Profesa, naomba uwasaidie washauri wangu," akasema. "Hayo maneno ya mkono kulipiwa mahari, ni mila ya watu wa huku au si mila?"

Kaka yangu akashika ukingo wa meza.

"Si mila," akasema. "Yalikuwa maneno ya mtani. Msibani kwa mjomba wangu, Lulindi. Alivaa koti la marehemu akajifanya hakimu."

Mshauri mmoja, mzee mnene, akaangua kicheko kabla hajajizuia. Akaziba mdomo kwa kofia. "Samahani, Mwenyekiti," akasema, "lakini mimi tangu siku ile nilikuwa najiuliza."

Hakuna mwingine aliyecheka. Kaka akaendelea, na sasa yalikuwa yanatoka yenyewe. Akasema wazee wote aliowauliza walimwambia aliyepanda ndiye mwenye mti, na majibu hayo aliyaacha nje ya kitabu kwa kuwa hayakuwa na jipya. Akasema kwenye ukanda watu wanasikika wakicheka, na kwenye kitabu kicheko alikitoa. Akasema, "Nilijua wakati naandika." Aliyasema hayo amemwangalia Silvesta. Yule kijana alikuwa amekoma kuandika. Alimtazama mwalimu wake mpaka machozi yakaanza kumlengalenga, kisha akashusha macho kwenye karatasi zake, akaanza kuzipanga, anazipanga tu.

Mwenyekiti akamuuliza kama ana swali kwa shahidi. Akatikisa kichwa.

Nitawaambia mwisho wa shauri ili msibabaike. Hukumu ilisomwa baadaye, mikorosho ya chini ni ya Hamida. Hata Ashiru hakukata rufaa. Alikuja mwenyewe kwa Hamida kumpa mkono, akasema, "Mkaza mjomba, na mimi nilishangaa, lakini nikaona wasomi wamesema." Hamida alimpokea. Kwa kaka yangu hakuja kushukuru, wala mimi sikutegemea. Ananisalimia vizuri, ananikopesha chumvi. Ila yale mazoea ya kuja uani na kukaa chini yamekwisha.

Lakini siku ileile ya ushahidi, tulipotoka nje, Silvesta alitufuata kwenye kivuli cha ukuta. Nilidhani atamtukana. Nilikuwa nimejiandaa kumsikia akimtukana, na ningemruhusu.

"Mwalimu," akasema, "kuna mama mmoja Lupaso. Anaitwa Paulina. Haikufika hata barazani ile. Mumewe alipofariki, ndugu wa mume waliniita kwenye kikao cha ukoo, nikawasomea ukurasa ule. Niliwaeleza kama ulivyotueleza wewe darasani. Yule mama akakubali kuondoka. Nilikuwa nimetoka kuapishwa uwakili. Niliona nimefanya vizuri."

Kaka aliuliza tu njia ya kwenda kwa huyo mama.

Tulikwenda wote wawili, mimi na yeye, kabla hata ya hukumu kusomwa. Sikutaka kwenda. Nilikwenda kwa sababu niliogopa akifika kule ataanza tena na muktadha wake. Paulina tulimkuta uani kwa watu, chini ya kibanda cha makuti, anabangua korosho. Ni mama mzee kuliko sisi. Vidole vyake vyeusi kwa ule utomvu wa maganda unaounguza, kiroba kikubwa upande mmoja na beseni la zilizobanguliwa upande wa pili. Cecil akamsalimia, "Shikamoo, mama." Akaitikia, "Marahaba, baba," akamwonyesha kigoda. Kaka akakikataa, akakaa chini kwenye vumbi na suruali yake ile ile ya barazani.

Akamweleza. Safari hii hakuzunguka. Alimweleza msiba, Mzee Dadi, koti, kinasa sauti, Mzungu, kitabu, Silvesta. Yule mama alisikiliza huku anapasua korosho, ta, ta, nzima nzima zinaanguka kwenye beseni. Alipofika mwisho mikono ya mama ikasimama.

"Kwa hiyo lilikuwa neno la mtani."

"La mtani, mama. Naomba unisamehe."

"Mimi nilijua," akasema Paulina. "Siku ile yule kijana aliposoma, mimi nilicheka. Nilikuwa nimelia wiki nzima, nikadhani wameniletea mtani wa kunituliza. Nikacheka kwa nguvu hasa. Kisha nikaangalia huku, nikaangalia huku, nikaona nacheka peke yangu. Shemeji yangu akaniambia nyamaza, hiyo ni sheria, imetoka chuo kikuu. Basi nikaona aibu kwa kucheka. Nikafunga vitu vyangu."

Kaka akamuuliza mikorosho iko wapi, labda shauri linaweza kufunguliwa, yeye mwenyewe atalisimamia.

"Waliuza shamba. Aliyenunua amekata yote, kajenga." Akasema hivyo kama anatuelekeza dukani. Akavuta kiroba karibu, akaendelea na kazi.

Mimi nilikuwa nimesimama, sina pa kuuweka uso wangu. Kaka yangu, aliyewafundisha watu sheria na falsafa maisha yake yote, alinyoosha mkono akachukua korosho kwenye kiroba, akachukua na kijiti cha kupasulia, akaanza kumsaidia. Ya kwanza ikavunjika. Ya pili ikavunjika. Akaendelea, machozi yanamchuruzika mpaka kidevuni, anavunja moja baada ya nyingine, mpaka yule mama akamshika kifundo cha mkono, kwa upole kabisa.

"Acha, baba," akamwambia. "Hizi si zangu, mimi ni kibarua tu. Zilizovunjika, pesa wananikata mimi."